Magwinya ya Baba Yako

Nomvula mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: uko chumba cha pili, unakunja nguo kisha unazikunjua, na redio umeifungulia kwa sauti ili nisisikie kama unalia. Yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi, ukipenda kufika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia na Kizulu changu ni cha kuombea radhi. Wewe soma polepole. Safari ya basi mpaka Cape Town ni ndefu kuliko barua yoyote ninayoweza kuandika mimi.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia ufunge mlango, wala ujihadhari na wanaume wenye maneno matamu, maana wewe ni muuguzi mwenye cheti na hayo utawafundisha wengine. Nilichonacho mimi ni mambo ya meza hii ya kazi, ambayo hujaikalia tangu baba yako alipozikwa. Miaka mitatu sasa tunapishana jikoni kwa adabu. "Sawubona, Ma." "Chakula kipo, mwanangu." Adabu hiyo imenichosha kuliko ugomvi. Neno uliloniambia siku ile hatujalirudia hata mara moja, na naogopa kesho utapanda nalo basi, ukae nalo huko mpaka ulizoee. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Unajua kazi hii ilinipata wapi? Najua unajua, lakini acha nisimulie, nikifika pagumu niwe nimeshapasha mkono moto. Nilipofika Johannesburg na baba yako, yeye akirudi kwao baada ya miaka yake ya ukimbizi Morogoro na mimi nikifuata mapenzi, nilipata kibarua cha kufagia duka la vitu vya kuchezea hapa Kensington. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kireno, Bibi Lurdes. Nyuma ya duka alikuwa na nyumba ya mwanasesere ya ghorofa mbili, na kila kilichokuwa ndani alikitengeneza mwenyewe: mikate, samaki, sahani za supu, hata ganda la yai lililovunjwa kando ya kikaango. Nilikaa chini nikasahau ufagio. Watu wazima wa huku wana nyumba nzima za kuchezea, nikajisemea, na mimi sina hata chumba.

Alinifundisha kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba na vyake vilishakuwa na baridi yabisi. Akaniambia udongo huu tunaofinyangia si udongo, ni plastiki. Haukauki wenyewe, unaweza kukaa mezani mwezi mzima ukafunikwa na bado ukawa laini. Kwanza ukandwe mpaka ulegee, ndipo ufinyangwe, ndipo uokwe kwenye oveni ya jikoni kwa moto mdogo, kwa subira. Futi moja ya dunia ni inchi moja ya mezani. Na alama za vidole zifutwe kabla ya kuoka, kwa pamba yenye spiriti, kwa sababu mkate wenye ukubwa wa punje ya mahindi ukiwa na alama ya dole gumba, mtu haoni mkate tena, anaona dole. Hilo alilisisitiza mpaka likaniingia mkononi. Nilikuwa nafuta bila kujua kama nafuta.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la woga. Niliogopa kuunguza, kwa hiyo nikawa naepua mapema. Kitu kinatoka oveni kigumu, kinang'aa, unakipiga rangi, mteja anafurahi, unaenda kulala. Miezi inapita, mteja anarudi na bahasha, ndani yake makombo. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi niliuza mbichi. Bibi Lurdes hakunigombeza. Alinipa kipimajoto cha oveni akaniambia nisiamini namba zilizoandikwa kwenye kitasa.

Na mimi mwenyewe nilijiepua mapema, Nomvula. Kila aliyeniuliza nilimwambia nimeshazoea Johannesburg. Nilisema hivyo mwaka wa kwanza, nikasema hivyo mwaka wa tano. Sikuwa nimezoea chochote. Halafu ukaja mwaka ule walipoanza kuwafukuza wageni kule Alexandra, na wewe ulikuwa umeanza shule. Tulikuwa tunatoka huko huko, kwa shangazi yako, ndani ya teksi iliyojaa watu waliokaa kimya. Wewe ukauliza kwa sauti yako ya kengele, "Mama, tunashuka wapi? Kwenye robot ile?" Ukiacha hilo jina la huku la taa za barabarani, kilikuwa Kiswahili safi, cha Morogoro kabisa. Watu wakageuka. Nami nikatazama dirishani kama mtu asiyekujua. Ukauliza tena, nikakufinya paja.

Hukulia. Ulishuka ukanishika mkono, na tulipofika nyumbani ukanijibu kwa Kizulu, na mpaka leo unanijibu kwa Kizulu. Baba yako aliponiuliza mtoto ana nini nikasema amechoka. Nimekaa na hilo finyo muda mrefu, mwanangu. Nilikuwa nakulinda, na ningefanya vile tena. Lakini tulipofika nyumbani ilinipasa kukukalisha nikuambie kwa nini. Sikukwambia. Nilipika wali.

Baba yako hakuwa hivyo. Yeye kila kitu alikisema, hata kisichotakiwa. Unakumbuka siku ya mgao wa umeme, nilipokuwa na trei nzima ya vikapu vya mboga ndani ya oveni na umeme ukakatika katikati? Nilisusa. Nikafungua oveni, nikamwaga trei yote kwenye pipa la taka, nikaenda kulala na hasira zangu. Asubuhi nikamkuta jikoni amevaa ile kofia yake ya sufu, ameokota kikapu kimoja kimoja, anakipangusa maganda ya viazi.

"Eish, Salma," akaniambia, "umeme umerudi, wewe umeshazika?"

Nikamwambia haviwezi kuokwa mara mbili. Akasema nani kasema. Nikafikiri, nikaona kweli hakuna aliyesema, nimejitungia tu. Tukavirudisha, vikaiva, vikauzwa, na akanitania kwa hicho kisa mpaka kifo chake. Kila nilipokata tamaa na kitu, hata na mchuzi, aliniuliza kama umeme umerudi.

Kisha kikampata kiharusi. Wewe ulikuwa chuoni, mwaka wa pili, ukija mwisho wa wiki. Mkono wake wa kulia ulilala. Kliniki wakampa mpira wa kuminya, akautupa uvunguni, akasema yeye si mtoto mchanga. Nikampa udongo. Sikumwambia ni dawa, nilimwambia nina kazi nyingi, anisaidie kukanda. Akakanda kwa hasira, wiki baada ya wiki, na siku moja nikaona amefanya kidonge cha mviringo, akakiweka mezani, akakitazama.

"Igwinya," akasema. Andazi la huku, lile analonunua mfanyakazi asubuhi na mapema. Alikuwa amefanya igwinya.

Ukaja Jumamosi ukamkuta anayo safu nzima, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukavuta kiti. Ulikuwa ukikwangua chaki ya kahawia, unayapaka mgongoni yaonekane yamekaangwa, naye anafinyanga, mnabishana kwa Kizulu kuhusu mpira wa miguu, mimi najifanya nimechukia kelele. Mkono wake haukuwa na kipimo. Kila igwinya alilibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu zake zote kana kwamba litamkimbia, na kila moja lilibaki na shimo la dole lile. Mimi nikipita nyuma yake nayasawazisha kwa pamba. Yeye akiniona ananung'unika, "Yaache, Salma. Watu watajua kuna mtu." Nilikuwa namjibu kwamba wateja hawanunui mtu, wananunua andazi. Tulikuwa tunataniana tu. Laiti ningejua.

Wakati huo tulikuwa na oda kubwa: mama mmoja wa Kizungu, mzee, wa mitaa ya juu huko, alitaka spaza nzima ya kipimo cha inchi. Duka la mtaani lenye nondo dirishani, mikate, mafuta ya taa, sabuni, na juu ya kaunta trei ya magwinya. Baba yako akasema magwinya ni yake na mtu asiguse. Akayamaliza siku ya Jumatano, akafunika trei kwa kitambaa chenye unyevu. Nilimwambia udongo huu hauhitaji unyevu, akasema mkate ni mkate. Ijumaa akaanguka bafuni, asiinuke tena. Magwinya hayakuwa yameokwa.

Sasa nimefika pale pagumu.

Ndugu zake walimpeleka Alexandra, nyumbani kwao, na mimi nikawekwa kwenye godoro. Desturi yao unaijua, mjane hukaa chini, shuka begani, wanawake pembeni yake, mpaka siku ya maziko. Siilaumu, walikaa nami siku zote zile na hawakuniacha peke yangu hata usiku. Lakini kwetu mke anaweza kumwosha mumewe. Bibi yako kule Morogoro alimwosha babu yako kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilishika birika. Nilikua nikijua kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya ndoa. Basi nikamwambia shangazi yako, nataka kwenda kumwosha mume wangu.

"Hayi, makoti," akasema, kwa upole kabisa, kwa jina wanalomwita mke aliyeolewa kwao. "Hlala phansi. Wanaume wake watamwosha."

Nikakaa chini. Ndugu zake wakachukua suti, wakaenda. Wewe ulikuwa unagawa chai na ulinitazama ukaniona nimetulia, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Sikuwa na Kizulu cha kukataa. Miaka yote ile katika nchi hii, na nilipohitaji kusema neno moja kubwa sikulipata. Nilimwona tena akiwa ndani ya jeneza, amenyolewa, na aliyemnyoa amemwachia ndevu chini ya kidevu, mahali ambapo mimi nisingemwachia.

Tuliporudi hapa Kensington wewe ulikwenda chuoni kuchukua vitabu vyako. Nikainua kile kitambaa. Yalikuwa yamekaa vilevile, laini, na kila moja lina dole lake. Nimekuwa najiuliza kwa nini sikuyaoka vilevile, maana ningeweza. Wewe uliamua kwamba nilifanya kwa ajili ya mteja, na mimi nilikuacha uamue hivyo, kwa sababu ukweli ulinitia aibu kuliko uongo. Mteja alikuwa amesema angengoja hata mwaka.

Nilikuwa namwosha, Nomvula.

Nilisema bismillahi. Nilianza upande wa kulia wa trei kama anavyoanzwa maiti. Nilichukua pamba mpya kwa kila moja, nikafuta polepole, kwa upole, nikageuza, nikafuta. Nililia kilio ambacho sikukilia kwenye godoro. Nilipomaliza nikayaoka kwa moto wake, kwa muda wake, sikuepua mapema, na nikajisikia kwamba sasa mume wangu amezikwa. Siku ya pili nikayapeleka kwa mteja mwenyewe, kwa miguu.

Ukarudi Jumamosi. Ukauliza magwinya ya Baba yako wapi. Nikakuonyesha picha niliyopiga kwa simu, kwa fahari kabisa, mjinga mimi. Ukaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, ukaivuta tena, unatafuta. Ndipo ukasema, na ulisema kwa Kiswahili, baada ya miaka yote ile: "Mama, umemfuta Baba."

Nikasema, "Kazi ndivyo inavyofanywa." Hilo ndilo jibu nililompa mwanangu. Ningelimeza ulimi wangu.

Baadaye nilikwenda kwa yule mama. Sikukwambia. Nilimwomba anionyeshe spaza yake, akafurahi, akaileta chini ya taa, akanipa na kioo cha kukuzia. Nilitazama igwinya moja moja, nikitafuta hata kipande cha dole, hata mstari. Niliyakuta safi yote. Yule mama akanigusa bega akasema katika vitu vyote alivyonunua kwangu, haya ndiyo safi kuliko vyote. Nikamshukuru. Nilitembea mpaka nyumbani nikapita mlango wetu bila kuuona.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa ile pamba. Maji yakimwagika hayazoleki, nikawa najihesabia hasara ya dole la baba yako. Lakini nimekaa na jambo hili nikilikanda, na jioni hii, nikisikia redio yako kupitia ukuta, naona nilikosea mahali pengine. Mwosha maiti hafanyi peke yake. Mmoja anaosha, mmoja anamimina. Ningekungoja Jumamosi. Ningekwambia, mwanangu, sikumwosha baba yako, inaniua, njoo tumwoshe, na kama hutaki yafutwe tuyaache. Pengine ungesema tuyaache. Pengine moja tungelifuta na mengine tukayaacha. Sikukuuliza. Wao walinikalisha nje ya chumba alimokuwa mume wangu, na mimi nikageuka nikakukalisha wewe nje ya chumba alimokuwa baba yako. Walau wao walinipa godoro.

Kwa hiyo uliniambia kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na iliyobaki nilikuwa nayo mimi, nikaificha miaka mitatu kwa sababu nilitaka unihurumie bila mimi kuomba. Huo ni ujeuri. Uliuchukua kwangu, kwa baba yako haukuwepo, na ndio urithi pekee ninaokuomba uuache hapa nyumbani. Ukimkasirikia mtu unayempenda, mpigie kelele. Adabu tuwaachie majirani. Kama umesoma hapa ukiwa njiani na umekasirika upya, nipigie simu humohumo ndani ya basi, kwa Kizulu, na waliokaa karibu wasikie. Mimi sitatazama dirishani.

Na usije ukajilazimisha kunisamehe kwa sababu mama ameandika barua ndefu. Nimekwambia mambo ya vitu vinavyotoka oveni vikang'aa kabla ya kuiva. Kama bado, bado. Nitakuwepo, nikiendelea na vikapu vyangu vya mboga.

Lipo jambo moja tu ambalo siwezi kukungojea. Huko uendako utaosha watu. Wazee wa watu, wagonjwa wa watu, na siku nyingine waliokufa zamu yako haijaisha, na utawaosha vizuri kwa sababu mikono yako ni ya huruma, nimeiona. Mimi nami siku yangu itafika, sijui mwaka, na utapigiwa simu uambiwe watu wapo, usijisumbue, njia ni ndefu, kila kitu kitafanywa. Wataongea kwa upole kabisa. Usiwasikilize, Nomvula. Waambie wanawake wa msikitini wangoje. Panda chochote kinachokuja huku. Kama hasira itakuwa imekwisha, njoo bila hasira. Kama itakuwa bado, njoo nayo, hainisumbui. Lakini asiniguse mtu mpaka ufike. Uje unioshe wewe.

Mama yako,
Salma